Mwalimu na Karatasi Zake za Maua

Kila karatasi iliyoingia mkononi mwake aliionja kwanza. Alitia ncha ya kidole ulimini, akakigandamiza pembeni mwa karatasi, akangoja kidogo, kisha akakigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha. Kikitoka safi, karatasi ilipita. Kikitoka na wekundu au ubuluu, karatasi ilikwenda kwenye kikapu cha kuwashia moto, hata iwe nzuri namna gani.

"Inatoka rangi," alisema. "Na inayotoka rangi haikai karibu na uso wa mtu."

Tulimwita Mwalimu. Unguja alifundisha kazi za mikono katika skuli ya wasichana: kushona, kufuma, kukata karatasi. Maskati ya wakati ule haikuwa na skuli ya wasichana hata moja, kwa hivyo alikuwa mwalimu asiye na darasa, kama mimi nilivyokuwa msomi asiye na kazi. Nilikuja kutoka Cairo na shahada yangu kumwangalia mama, aliyekuwa mgonjwa. Kibali cha kuingia nilikipata kwa taabu. Cha kutoka sikukipata kabisa. Nyumba yetu na ya Mwalimu zilishirikiana ukuta mmoja, ndani ya kuta za mji, chini ya majabali yaliyokunywa joto mchana kutwa na kulitema baada ya magharibi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na nilibishana na kila kitu: na redio, na imamu, na dawa za mama. Nilipochoka kubishana nyumbani nilikwenda kubishana kwa Mwalimu.

Kazi yake ilikuwa albamu. Watu wetu waliokimbia Unguja mwaka sitini na nne wengi walikuja na picha chache kuliko vidole vya mkono, zimeshonwa ndani ya mapindo ya nguo au zimefichwa chini ya mchele. Zilikuwa zimekunjika, zina chumvi, nyingine zimechanika katikati. Walimletea Mwalimu, naye aliwatengenezea kurasa. Malipo yake yalikuwa karatasi. Ukitaka ukurasa, ulete karatasi ya maua au ya nakshi, popote utakapoipata: ya ndani ya sanduku la chai, iliyofungia chungwa, iliyozunguka jora la kitambaa katika soko la Matrah, kalenda ya mwaka uliopita. Chumba chake kilijaa. Mama alisema chumba kile kikipata cheche ya mkaa mtaa mzima utakwenda.

Alikuwa na sheria, na alizisema kama anayesoma ubaoni. Ukurasa ni kanga, alisema, una pindo pembeni na una mji ndani yake. Karatasi ya maua makubwa ni ya pindo, tena ukanda mwembamba tu. Karatasi ya maua madogo ni ya mji. Katikati, pale penye picha, weka karatasi isiyo na kitu, ipate kupumua. Karatasi tatu, basi. Ya nne ni fujo.

"Maua makubwa ni wageni wenye kelele," aliniambia siku niliyojaribu kutengeneza ukurasa wa baba yangu. "Waweke barazani. Weye umewaingiza chumbani, umewakalisha kitandani, na babako hana pa kukaa."

Nikamwambia kwamba hayo ni mapenzi yake tu, hakuna sayansi inayosema jicho linapenda hivi au vile.

"Mtazame babako," akasema. "Unamuona?"

Nikatazama. Niliona mawaridi.

"Basi andikia Cairo wakufanyie sayansi yake."

Picha zetu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo ilipokuwa kazi yake hasa. Kabla ya kukata chochote alimwuliza mwenye picha: "Alivaa rangi gani siku hiyo?" Swali dogo, lakini nimeona watu wazima wakilikimbia. Mama mmoja aliacha chai ikapoa, kisha akasema hajui, hakumbuki nguo ya mwanawe mwenyewe, akajifunika uso kwa mtandio. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwekea mbele karatasi tano, akasema, "Chagua." Yule mama akaweka kidole juu ya kijani.

Alipoondoka nilimwuliza Mwalimu, "Na kama hakuvaa kijani?"

"Sasa amevaa."

"Huo si uongo?"

"Uongo ni kumwacha uchi, mwanangu."

Mzee mmoja, aliyefiwa na mkewe njiani, alitaka dhahabu. Alileta picha ya mkewe akiwa amekaa kwenye kiti, na bahasha imejaa karatasi ya kung'aa aliyoibandua ndani ya makasha ya sigara, kasha baada ya kasha.

"Dhahabu tupu, Mwalimu. Pembeni, chini, juu, kote."

"Mkeo akivaa dhahabu?"

"Hakuwa nayo. Ndiyo maana."

Mwalimu akatengeneza ukurasa kwa karatasi ya samawati yenye vidoto vidogo. Kisha akakata uzi mwembamba wa ile dhahabu, mwembamba kama unywele wa mtoto, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa picha. Mzee alitazama mpaka tukadhani amekasirika.

"Bangili," akasema.

"Bangili," akasema Mwalimu.

"Angenambia nimechelewa." Akacheka, akafuta macho, akachukua ukurasa wake, na bahasha ya dhahabu akaiacha.

Nikisimulia hivi mtu atadhani alikuwa malaika. Alikuwa mgumu, tena mdokozi. Picha aliikata ili ikae vizuri ukurasani, na vile vipande alivyokata hakuvirudisha. Nilivigundua siku nilipotafuta sindano ndani ya bati lake la biskuti: kipande cha mlango, ngazi tatu, nusu ya dirisha, tawi, miguu ya mtu asiyejulikana. Unguja ya watu wengine, vipande vipande. Nilimwambia hivyo ni vya wenyewe.

"Walileta watu," akasema, na kufunga bati. "Watu nimewarudishia."

Na hakuandika majina. Hili lilinikera kuliko yote. Kanga ina jina, maneno yake yameandikwa chini, nilimwambia, mbona ukurasa wako hauna? Watoto watakaozaliwa huku watajuaje huyu ni nani? Alisema anayemjua mtu hahitaji jina, na asiyemjua jina halitamsaidia. Zaidi ya hayo, maandishi yanalikokota jicho, nalo linapaswa kutulia usoni. Hata kama picha ilikuwa na maandishi nyuma, kama picha nyingi za wakati ule, zilizopelekwa kwa ndugu na salamu na tarehe, aliipaka gundi mgongo mzima na kuigandisha. Gundi aliipika mwenyewe, ya uwanga, na samghi ya mti kidogo ndani yake. Ikikauka haibanduki. Alijivunia hilo.

Alikuwa na binti, Zuwena. Siku ya mapinduzi Zuwena alikuwa na miaka kumi na moja, yuko shamba kwa bibi yake, na Mwalimu yuko mjini. Mume wa Mwalimu alitoka asubuhi ile na hakurudi. Baada ya wiki kadhaa Mwalimu alipakiwa meli pamoja na wengine, na hakuna aliyemngoja aende shamba kumchukua mtoto. Hiyo ndiyo habari, lakini kwa miaka niliyomjua alinisimulia kwa njia tatu. Mara ya kwanza alisema bibi ndiye aliyekuja kumchukua mtoto. Mara ya pili alisema mtoto mwenyewe alililia kwenda. Mara ya tatu, mkasi mkononi, bila kunitazama, alisema alimpeleka yeye, kwa adhabu, kwa sababu Zuwena alikata kanga mpya kumshonea mwanasesere.

"Sasa ipi ya kweli, Mwalimu?"

"Na ukishaijua, utanipa nini?"

Mwaka sitini na saba ikaja barua kutoka Mombasa. Bibi amefariki. Majirani wamemvusha Zuwena hadi Mombasa, na yuko kwa watu wema lakini si jamaa zake. Sasa ana miaka kumi na minne. Watu wale waliandika kwa adabu: wanaye mpaka Ramadhani iishe, kisha, kama hakuna wa kumchukua, yupo bwana mmoja mtu mzima aliye tayari kumwoa.

Mwalimu aliisoma barua ile mbele yangu na kuikunja mara nne. "Mtu mzima," akasema. "Hawakusema mzee. Wamenihurumia."

Kumwingiza Zuwena kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji shahidi wa upande wa baba: mwanamume wa kabila lake atakayeapa kwamba huyu ni mtoto wa damu yao. Shahidi alikuwa mmoja tu, kaka wa marehemu mume wa Mwalimu, aliyeishi bara, mbali na pwani, na kushuka Matrah na tende zake mara moja kwa mwaka. Tulimpata mwezi wa Shaabani. Alikaa barazani, Mwalimu nyuma ya pazia, mimi nikamimina kahawa.

"Mie sikatai, shemeji," alisema yule bwana, taratibu, kwa Kiswahili chenye Kiarabu kingi ndani yake. "Lakini kiapo ni kiapo. Huyo mtoto sijamtia machoni. Nitaulizwa mimi, hapa na kwa Mungu. Ndugu yangu hakuniandikia hata siku moja kwamba ana mtoto."

"Alikuandikia," akasema Mwalimu.

"Sikupata."

"Hukupata kwa sababu haikutumwa. Ni picha ya mtoto. Nyuma yake kakuandikia weye, kwa mkono wake: huyu ni binti yangu, wa damu yangu, namleta kwako umjue. Na jina lake. Na sahihi yake."

"Basi nionyeshe. Nikiuona mkono wa ndugu yangu, naapa leo leo." Aliinua kikombe, akakitikisa kuonyesha ametosheka. "Kesho kutwa alfajiri naondoka."

Alipokwenda, Mwalimu alikaa nyuma ya pazia bila kutoka. Nikalifunua. "Iko wapi hiyo picha?"

"Unaijua," akasema. "Umeiona mara mia."

Kweli niliijua. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa albamu yake: Zuwena wa miaka saba, misuko miwili ya nywele, amesimama wima kama askari. Picha ile aliigandisha mgongo mzima, kama picha nyingine zote. Na chini yake, bila karatasi tupu ya kupumulia, alitandika karatasi nyekundu yenye maua meupe makubwa. Ilikuwa kinyume cha kila sheria aliyotufundisha, na nilikuwa nimemcheka kwa hilo. Alinijibu kwamba ile ni karatasi ya duka la haluwa la mtaani kwao, Zuwena alikuwa akiililia apewe yeye baada ya haluwa kuisha, na ndiyo karatasi pekee iliyotoka Unguja ndani ya kikapu chake.

Sasa nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. "Hii uliionja?"

"Hii?" Alinitazama kama niliyetukana. "Niionje hii kwa nini?"

Tulikuwa na siku moja na nusu. Yeye alitaka kuibandua kavu, kwa wembe, unywele kwa unywele. Nilisema wembe utachana maandishi. Gundi ya uwanga inalainika kwa mvuke, hilo linajulikana, hata watu wa maktaba hufanya hivyo. Sikuwahi kumwona mtu wa maktaba akifanya hivyo. Nililisoma mahali, au nilidhani nimelisoma. Alisema maji na karatasi ile anaogopa. Nilisema anaogopa kwa sababu hajaijaribu, na tukibishana mpaka kesho shemeji yake atakuwa njiani. Aliweka wembe chini. Kisha akaenda mwenyewe kuteleka birika.

Tuliushika ukurasa juu ya mdomo wa birika, yeye pembe mbili, mimi mbili. Gundi ililainika kama nilivyosema. Picha ilianza kuinuka pembeni, na mimi nikasema, "Unaona?" Ndipo nilipoona vidole vyake. Vilikuwa vyekundu mpaka kwenye viungo. Ile nyekundu ilikuwa ikitiririka. Tuliutoa ukurasa kwenye mvuke, akaiinua picha kwa ncha za kucha, na picha ikaja nzima, uso salama, misuko yote miwili salama. Akaigeuza.

Mgongo wote ulikuwa mwekundu. Wino wa marehemu ulichanganyika na rangi, ukavimba, ukakimbia. Maneno mengine yalibaki kwenye karatasi ya haluwa, yamegeuka kinyumenyume katikati ya maua. Tulisoma neno "yangu". Tulisoma nusu ya sahihi. Tulisoma herufi inayoweza kuwa Z.

Sikusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza, nafikiri, tangu nimjue.

Aliiweka juani ukingoni mwa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilipokauka ilizidi kuwa nyekundu. Akaifunga ndani ya leso na kunituma kwa mama nikamwombe atume mtu kumwita shemeji yule kwa mara ya pili.

Shemeji aliitazama muda mrefu sana. Hakuwa mtu mbaya, ningependa angekuwa. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Alipitisha kidole chini ya ile nusu ya sahihi.

"Unaweza kuwa mkono wake," alisema.

"Ni mkono wake," akasema Mwalimu nyuma ya pazia.

"Unaweza kuwa. Kwa huenda siwezi kuapa, shemeji. Nisamehe." Akairudisha picha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala.

Mwalimu hakunilaumu, wakati ule wala baadaye. Mara nyingi nilitamani anilaumu. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi ndiye niliyesema mvuke," naye akasema, "Birika nimeteleka mie," na hapo akafunga mlango wa habari ile. Aliandika Mombasa, akawaomba wale watu wangoje mwaka mmoja zaidi. Ramadhani ikaisha. Idi ikapita. Akaandika tena. Jibu halikuja. Mwishoni mwa mwaka uliofuata barua zake mbili zilirudi, na juu yake mtu ameandika kwa penseli kwamba wenye nyumba wamehama.

Aliacha karatasi za maua. Waliomletea picha waliondoka na kurasa nyeupe tupu, picha katikati, kila kitu kimepimwa sawasawa, hakuna kosa. Watu walinung'unika. Mama mmoja alimwambia, "Mwalimu, mbona umetuzika?" Aliwaambia soko halina karatasi nzuri siku hizi. Karatasi zenyewe zilikuwa zimejaa chumbani mpaka kwenye dari. Lakini aliendelea kuzionja. Nilimkuta mara nyingi ameketi dirishani, anachukua karatasi moja, kidole ulimini, kidole kwenye karatasi, anatazama, anaiweka chini, anachukua nyingine.

Sina hakika kama nilimpenda katika miaka ile. Nilikwenda kwake kila siku, na kila siku nilitaka kutoka.

Kisha, katikati ya mwaka wa sabini, utawala ulibadilika, na mambo yaliyokuwa hayawezekani Jumatano yakawezekana Alkhamisi. Waliokuwa nje waliitwa warudi. Ilifunguliwa skuli ya wasichana, nami nikapewa darasa: watoto arobaini, nusu yao wakubwa kuliko meza zao. Mwalimu naye aliombwa afundishe. Alisema atafikiri. Nilikuwa na shughuli, na ukuta wetu mmoja haukutosha tena kutukutanisha. Zikapita wiki sijamwona.

Alinijia skulini mchana mmoja, wanafunzi wameshaondoka. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye benchi la mbele, magoti yamegusa meza, akatoa karatasi ndani ya buibui lake na kuinyoosha mbele yangu. Ilikuwa kibali cha Zuwena. Muhuri, sahihi, vyote.

"Kijana mdogo ofisini," alisema. "Kaja kutoka Dar es Salaam juzi tu. Nilikwenda na picha, na mashahidi wawili, na maneno niliyojifundisha usiku kucha. Akanambia, mama, weka, hatuhitaji. Hakuniuliza kitu. Kaandika tu."

"Alhamdulillahi," nilisema, kwa kuwa ndilo neno lililokuwepo.

"Niandikie barua."

"Mwalimu, weye unaandika vizuri kuliko mimi."

"Nimeandika nyingi. Mkono wangu hauna bahati. Jaribu wako."

Nilitaka kumwambia kwamba barua haisomi bahati, kwamba posta ni posta. Nilimtazama, nikachukua kalamu.

Alisema polepole, nami niliandika kama alivyosema. Kwamba mlango umefunguliwa. Kwamba asilete kitu chochote, nguo zipo. Kama ana mume, aje na mume. Kama ana mtoto, aje na mtoto. Kama yule bwana aliyetaka kumwoa hakumruhusu, aandike mstari mmoja, na yeye mama yake atajua la kufanya. Hapo aliulaza mkono juu ya meza. Kisha akasema: "Na kama hataki kuja, aseme hataki. Lakini aseme mwenyewe, kwa mkono wake."

Nikaandika. Nikamsomea yote, akaitikia kila neno kwa kichwa. Nikaikunja barua, nikaitia ndani ya bahasha, nikaandika jina la binti na la babake. Chini yake nikaandika Mombasa. Kalamu ikasimama. Nilingoja aniambie wale watu walihamia mtaa gani, au jina la mwenye nyumba, au chochote. Nje mlinzi wa skuli alikuwa akifunga madirisha, moja baada ya jingine.

"Endelea," alisema Mwalimu.